Nyuki wa Mtakatifu Stefano

Kanisa letu liliungua kwa sababu ya asali. Naanza na hilo kabla ya yote, asije mtu akadai nilificha. Halikuchomwa na adui wala halikupigwa na radi. Nyuki waliingia kwenye paa la nyasi la Kigango cha Mtakatifu Stefano, kijijini kwetu upande wa Kabungu, wakaweka asali yao humo, na katekista wetu Leodgar akaitamani.

Kwetu nyuki wakivamia nyumba ya mtu, anaitwa Sudi. Sudi ni jirani yangu, jiko lake na jiko langu yametenganishwa na uchochoro tu, na kazi yake ni mizinga. Ni Mwislamu, baba yake Zaituni, mtu wa maneno machache. Lakini ukimwita Sudi akutolee nyuki, asali mnagawana, ndiyo desturi. Leodgar hakutaka kugawana. Alisubiri Sudi aende porini kwenye mizinga yake, akawasha kienge cha majani mchana kweupe, mwezi wa Septemba, nyasi zimekauka kabisa, akakiinua mpaka kwenye paa. Na huyo ni mtu aliyesoma seminari. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Leodgar ana upara.

Moto ulishika upesi kuliko tulivyoweza kukimbia kisimani. Wanawake tukabeba ndoo, wanaume wakabeba kelele. Ndipo Sudi alipotokea na baiskeli yake kutoka porini. Hakuuliza nyumba ni ya nani. Alichomoa panga, akapanda juu upande ambao moto ulikuwa haujafika, akaanza kukata kamba za fito ili paa liangukie nje, lisirushe cheche kwenye nyumba zetu na kwenye maghala ya mahindi. Nyuki walimuuma uso wote, na moto ukamla mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Paa likaanguka. Kuta zilibaki, na nyumba zetu zikapona.

Getrude, katibu wa kwaya, badala ya kubeba ndoo alikuwa anapiga picha kwa simu. Moja ilitoka vizuri sana: Sudi amesimama juu ya kanisa, panga hewani, moshi mweusi nyuma yake. Tuliicheka ile picha wiki nzima. Tukampa Sudi jina la Komando, naye akawa anaitika.

Mimi naitwa Theopista, ila kijijini ni Mama Evaline, na wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu. Kila Ijumaa tulikusanyika uani kwangu kusali, na kila Ijumaa tulikuwa na nia moja ambayo hatukuiruka: kuwaombea Wakristo wanaoteswa katika nchi za mbali, nchi ambazo Getrude alishindwa hata kuyatamka majina yake. Nilikuwa nasali kwa moyo wote. Niliwafikiria wanawake kama mimi, wanaokwenda kanisani bila kujua kama watarudi kupika, na nilimshukuru Mungu kwamba kwetu adhana ikilia na kengele ikilia, kila mtu anajua pa kwenda na hakuna anayemwuliza mwenzake.

Mwezi wa Oktoba gari la wageni lilipata pancha mbele ya kanisa letu. Walikuwa wanaelekea Mishamo. Walikuwa watu wa shirika moja la Ulaya linalowasaidia Wakristo wanaoteswa duniani: mama mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, ambaye jina lake lilitushinda tukamwita Mama Brigita, na kijana wa kamera. Mama Brigita alipoziona kuta nyeusi zisizo na paa, alishika mdomo. Aliingia ndani, akapiga magoti kwenye majivu na sketi yake nzuri, akasali. Nilimpenda pale pale, na hata leo siwezi kusema alikuwa mtu mbaya.

Walitaka kusikia habari za moto, na Leodgar ndiye aliyekuwa mkalimani. Nilisimama mbele ya kamera nikasema yote: nyuki, kienge, paa, na jirani yetu Sudi. Aliyewasha kienge sikumtaja, nilimstahi, maana alikuwa amesimama ubavuni mwangu na ndiye msimamizi wa ubatizo wa binti yangu. Nilipofika kwenye habari za Sudi nililia, kwa sababu kidonda cha mkono wake kilikuwa bado kibichi. Mama Brigita naye akalia. Tukakumbatiana, gari likapata gurudumu, wakaondoka. Kabla ya mvua za masika kwisha, lori likaleta mabati, mbao na misumari. Tuliimba hadi sauti zikakauka. Sudi alisaidia kushusha.

Evaline anasoma chuo Morogoro. Alikuja nyumbani Pasaka. Jumatatu ya Pasaka, nyumba imetulia, akaniita chumbani akafunga mlango.

"Mama, kuna kitu rafiki yangu amenitumia. Keti kwanza."

Ilikuwa video. Nilijiona mimi mwenyewe nalia. Kisha nikamwona Sudi juu ya kanisa, panga hewani, moshi nyuma yake, picha ile ile ya Getrude, na sauti ya mwanamume ikisema Kiingereza kizito kama inayotangaza msiba.

"Wanasema nini?" nikauliza.

Evaline hakutaka kunitazama. "Wanasema Waislamu wa kijiji hiki waliwachomea kanisa mkiwa ndani mnasali. Wanasema huyu ndiye aliyewaongoza. Na wanasema baba alifia humo kwenye moto."

Mume wangu Salvatori alikufa kwa kisukari, kitandani kwake, Evaline akiwa bado shule ya msingi. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini kanisani alionekana Krismasi tu, tena akichelewa. Leo wamemfanya shahidi wa imani. Nilicheka kicheko kibaya. Upande wa pili wa uchochoro nilimsikia Sudi akimwimbia mjukuu wake. Jana yake alikuwa amekula pilau ya Pasaka mezani kwangu.

Nilikwenda kwa Leodgar bila hata kuvaa kandambili. Nilimkuta anachambua maharage na mke wake. Aliponiona na ile simu ya Evaline mkononi, akamwambia mke wake aende akatazame mbuzi. Mbuzi hawana.

"Katekista, ulisema nini kwa wale watu?"

"Mama Evaline, kaa kwanza."

"Sikai. Ulisema nini?"

Akafuta mikono kwenye suruali. "Wale walishaamua kabla hawajashuka kwenye gari. Hawakuniuliza moto umetoka wapi. Waliniuliza, nani aliwachoma? Sasa mie ningesema nini? Niseme ni mimi? Nilinyamaza kidogo, wao wakaendelea wenyewe. Halafu wakaniomba picha, nikawapa ile ya Getrude."

"Na Salvatori? Salvatori naye waliendelea wenyewe?"

Akainamia maharage yake, akaanza kuyachambua upya.

Nilimwambia mambo mengi siku hiyo, mengine hayafai kuandikwa. Nilimwuliza kama anaikumbuka amri ya nane, usishuhudie uongo, anayowakaririsha watoto. Nilimwambia kuna watu wanachinjwa kweli kweli kwa sababu ya jina la Yesu, wake kwa waume, na yeye amekwenda kukaa kwenye kiti chao na kula chakula chao. Hilo ndilo lililoniuma kupita yote baada ya Sudi. Kila Ijumaa tulikuwa tunawaombea wale watu, kumbe tunawaibia.

Leodgar alilia. Aliniomba nisimwambie Padre, asije akavuliwa ukatekista na ana watoto wanasoma. Aliniomba nisimwambie Sudi, kwa sababu yatavunjika mengi kabla hayajarekebishwa. "Wageni wanakuja Juni, paa likibarikiwa," akasema. "Nitasimama mimi mwenyewe mbele yao na mbele ya watu wote, niseme nilivyofanya. Naapa kwa msalaba huu." Na akaubusu ule msalaba wa ukutani.

Nikamwamini. Ni mtu aliyembeba mwanangu kwenye maji ya ubatizo, ningeacha vipi kumwamini?

Juni ikafika. Paa jipya liling'aa hadi unafumba macho. Padre Didace alikuja asubuhi, akasoma misa, akabariki, akapanda pikipiki kuwahi kigango kingine, maana padre ni mmoja na vigango havihesabiki. Tukabaki na wageni wetu, hotuba na nyimbo. Machibya, Msukuma mwenye ng'ombe wengi aliyehamia kwetu kutoka Shinyanga, alikuwa ametoa fahali. Na kwetu fahali wa sherehe hachinjwi na Mkristo, hata iwe sherehe ya askofu. Akichinja Mkristo, nusu ya kijiji hawali. Anaitwa Sudi, anamwelekeza mnyama kibla, anachinja, na wote tunapeleka mkono kwenye sinia moja. Hiyo ndiyo amani yetu, haina hotuba. Basi Sudi alikuwa nyuma ya kanisa anachuna na kukatakata.

Leodgar akasimama. Moyo wangu ukasimama naye. Alizungumzia upendo, akazungumzia marafiki wa mbali, akazungumzia mabati kana kwamba yametoka mbinguni kwa kamba. Nilimkazia macho, yeye akakazia macho kenchi za paa. Alipomaliza akasema, akitabasamu, "Sasa tumsikie Mama Evaline, atoe ushuhuda wake." Alidhani nitasema asante nikae.

Nilisema kila kitu. Nilisema nyuki. Nilisema asali, nikasema kienge na nikamtaja aliyekiwasha kwa jina lake. Nilisema Salvatori alikufa kwa kisukari. Nilisema yule mtu wa kwenye picha hakuchoma kanisa, aliungua mkono akituokoa, na sasa hivi yuko hapo nyuma anatuchinjia. Kisha nikamgeukia Leodgar nikamwambia, "Haya, watafsirie."

Kiingereza sijui. Lakini nilikuwa nimempigia Evaline nikamwuliza nyuki wanaitwaje kwa lugha hiyo, akaniambia ni bizi. Siku kadhaa nikawa nakoroga ugali nasema bizi, bizi. Kwa hiyo Leodgar alipoanza kutafsiri, mimi nilitega sikio kwa neno hilo moja. Alizungumza kwa kirefu. Aliinua mkono, akaushusha, akaweka mkono kifuani. Niliisubiri bizi yangu mwanzo, nikaisubiri katikati, nikaisubiri mwisho. Haikuja. Mama Brigita akainuka anatiririka machozi, akanikumbatia kwa nguvu. Getrude akaanza kupiga makofi, na kanisa zima likafuata.

Watu wangu hao. Watu waliosikia Kiswahili changu chote, na ambao walibeba ndoo pamoja nami siku ile.

Mwalimu Damiano alikuwa benchi la mbele. Anafundisha Kiingereza sekondari. Nikajitoa mikononi mwa mgeni nikamwuliza, "Mwalimu, amesema nini huyu?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Mama Evaline, tukae tu. Tusiharibu siku."

Nikamshika Mama Brigita bega, nikaonyesha juu nikamwambia, "Bizi. Bizi!" Alitazama juu, akayaona mabati yake, akafumba mikono na kumshukuru Mungu.

Ndipo nikatoka. Nilikimbia hadi nyuma ya kanisa, nikamshika Sudi mkono. Alikuwa ameshika kisu, shati lote limetapakaa damu ya fahali.

"Mama Evaline, ngoja ninawe basi," akasema.

"Utanawa baadaye. Njoo wakuone."

Alikipachika kisu kiunoni, akanifuata akicheka, akidhani anaitwa apongezwe. Na mimi naapa, ile damu kwangu ilikuwa ndiyo ushahidi wenyewe. Mtu yeyote wa kwetu akimwona Sudi ana damu ya ng'ombe siku ya sherehe, anajua tuko ndugu na leo tunakula nyama. Sikufikiri kabisa kwamba kuna macho mengine.

Tuliingia kwa mlango mkubwa, nimemshika mkono ule wenye kovu. Mama Brigita akatuona. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akarudi kinyumenyume hadi akaigonga altare. Kijana wa kamera akainua kamera yake. Sudi akasimama, bado ana tabasamu, anageuza shingo kutazama nyuma yake kuna nini.

Leodgar alihitaji kusema neno moja tu, kwa lugha yoyote aliyotaka. Alisema, "Mtoeni nje!"

Na wakamtoa. Wanaume wa kwaya waliinuka, Mwalimu Damiano akiwa wa kwanza, wakamkamata Sudi mabega na mikono wakamsukuma hadi uani. Hakupigana. Alikuwa anawauliza tu, kwa majina yao, mmoja mmoja, kuna nini.

Nilimfuata. Wale wanaume walipomwachia, walirudi ndani bila kumtazama usoni. Sudi alisimama kando ya sufuria kubwa la nyama.

"Mama Evaline, hawa wageni wananijua mimi? Wameniona wapi?"

Nikamwambia. Sikuacha kitu. Alisikiliza kichwa kimeinama, anasugua lile kovu kwa dole gumba. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Wewe umejua lini?"

"Pasaka."

"Pasaka," akasema. "Na siku zote hizi unaazima chumvi kwangu."

"Katekista aliniahidi, Baba Zaituni. Aliniapia mbele ya msalaba kwamba leo atasema mwenyewe."

"Mie si jirani wa katekista. Mie ni jirani yako wewe."

Aliomba maji akanawa taratibu, akafuta kisu chake kwenye majani, akamwita mke wake aliyekuwa anamenya ndizi na wenzake. Zuhura aliweka kisu chini, akafunga kanga yake, wakaondoka. Nyama ilikuwa imeshachinjwa kihalali, kwa hiyo ikapikwa na ikaliwa. Ikaliwa hadi mifupa, na waliomtoa nje walirudia sahani.

Nilikwenda kwa Padre Didace. Alinisikiliza hadi mwisho, akashika kichwa, akasema ni jambo zito, atalifikisha mbele. Mbele ni mbali. Leodgar bado anawakaririsha watoto amri kumi. Ijumaa iliyofuata, tulipofika kwenye nia ya Wakristo wanaoteswa, nikasema kabla ya hao tumwombe Sudi msamaha. Getrude akafunga kitabu chake cha sala. "Mama Evaline," akasema, "kwa nini unalitesa kanisa?" Tangu siku hiyo jumuiya inasali uani kwake. Mimi nasali peke yangu, jikoni. Sudi amepanda uzio wa michongoma kwenye uchochoro wetu, na akinikuta njiani ananiamkia kama anavyowaamkia watu wa mbali, vizuri kabisa.

Wiki iliyopita Evaline alinipigia simu.

"Mama, kuna video nyingine. Uko humo na Baba Zaituni, mnaingia kanisani. Ana damu, ana kisu."

"Si nimemshika mkono? Si wanaona nimemshika mkono?"

"Wanasema yeye ndiye amekushika wewe. Wanasema alikuteka akakuingiza kanisani akuchinje mbele ya altare, waumini wakakuokoa. Mama, watu ni wengi mno. Wanaandika kutoka nchi zote. Wanasema wanakuombea."

Sasa najua kwamba huko nisikokujua kuna watu wema, kina mama kama Mama Brigita, wanaopiga magoti kila jioni na kulitaja jina langu. Sala ambazo zingewafaa wale wanaochinjwa kweli zinaletwa kwangu, mwanamke anayepika maharage yake Kabungu bila wa kumgusa. Wanamwomba Mungu aniokoe na Sudi. Na mimi kila jioni, nikishasikia adhana na Zuhura akishafunga mlango wake, napiga magoti kando ya jiko namwomba Mungu huyo huyo asiwasikilize.